Milamula ya Laurensia

Asubuhi hiyo ya Novemba 1978, nusu ya kijiji, kule Kituntu, ilikuwa uani kwa mwenyekiti Elpidius ikisikiliza redio. Majeshi ya Uganda yalikuwa yamevuka mpaka na kuishika ardhi yote hadi mto Kagera. Sasa mtangazaji alisema Umoja wa Nchi Huru za Afrika unazisihi pande zote mbili zisitishe mapigano na kuzungumza.

"Pande zote mbili!" Elpidius alifoka. "Mtu kaingia kwako, kachinja ng'ombe wako, halafu majirani wanawaambia nyote wawili mtulie?"

"Hata kumtaja huyo nduli wa Uganda hawamtaji," akadakia Rwegoshora, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote kijijini. "Wanaogopa vifaru vyake, hao!"

"Wakisema kila mmoja abaki alipo, si ndiyo wamempa ardhi yetu?" Elpidius akaongeza.

Laurensia, mjane wa Hategekimana, alifarijika. Mchana baraza la wazee lingesikiliza shauri lake, na watu wanaoona hivi wasingeshindwa kuliona. Rwegoshora, jirani yake, alikuwa ameng'oa milamula, mimea inayopandwa kuonyesha mpaka wa vibanja, mashamba ya migomba, akaichomeka upya ndani kabisa ya migomba ya Laurensia. Ukanda huo ndio uliokuwa ukimlisha. Ukienda, angebaki na mteremko wa mawe.

Mchana wazee walifika kibanjani, Rwegoshora akiwa nao. Mashimo ya zamani yalikuwa wazi, mizizi iliyokatika bado mibichi. Elpidius aliinama, akatia mkono ndani ya shimo moja, akautoa ukiwa na udongo.

"Ilikuwa hapa," alisema.

"Ndiyo, Mwenyekiti," Laurensia alijibu.

Wazee wakaenda pembeni, wakanong'ona kwa muda mrefu. Kila mtu alijua kwamba Rwegoshora ndiye aliyekuwa akitoa ng'ombe wa kuwalisha wakimbizi waliotoka ng'ambo ya mto. Waliporudi, Elpidius hakumtazama Laurensia.

"Nchi iko vitani, si wakati wa kugombana. Baraza linawaomba nyote wawili mtulie. Kila mmoja abaki alipo. Vita ikiisha, tutazungumza."

Laurensia alidhani hakusikia vizuri. Akawatazama mmoja mmoja, akingoja mtu acheke.

"Mwenyekiti, asubuhi..."

"Mama Fidele, asubuhi tuliongea habari za mataifa."

"Hapo alipo ni kwangu! Mkono wako bado una udongo wa shimo!"

Elpidius akaufutia mkono kwenye suruali. Rwegoshora akacheka. "Kwa hiyo mimi leo ni nduli? Haya, yaite mataifa yakusaidie!"

Wazee wawili walicheka naye. Hicho ndicho kilichomkata maini Laurensia kuliko hukumu yenyewe. Fidele, mwanawe wa pekee, alikuwa ameondoka na mgambo kwenda kuirudisha ardhi ya watu asiowajua.

Hakulia. Aliingia ndani, akatoka na jembe, akaenda kwenye mlamula wa kwanza kati ya ile iliyohamishwa. Akauchimbua, akaubeba mbele ya macho yao hadi kwenye shimo lake la zamani, akaushindilia udongo kwa kisigino. Akarudi kuchukua wa pili.

Rwegoshora aliacha kucheka. Akapiga hatua moja. Laurensia akaliinua jembe, akasimama akimtazama, naye akasita.

"Mama Fidele, tulia!" Elpidius alipaza sauti. "Tulieni nyote wawili!"

Laurensia akaanza kuuchimbua mlamula wa pili.