Mapindo Kumi ya Gauni la Sekela

Fundi Danford wa Chapwa alimsimamisha Sekela juu ya kreti ya sabuni, akamuuliza mama yake swali alilowauliza wote.

"Mnapanda treni ya barua au ya abiria?"

"Ya barua," alijibu Nesta.

"Basi sipindi kitu. Ya barua haisubiri."

"Pinda tu, shemeji. Safari ni safari."

Danford akapinda mara kumi, pindo juu ya pindo, hata gauni la mtoto wa miaka sita likawa zito chini kama limelowa. Ilikuwa Juni 1949, ulezi umeshavunwa, na wanawake wengi walikuwa wakiwapeleka watoto Rodesia kuwaona baba zao migodini. Kila mtu Tunduma alijua kwamba reli ya huko ni moja, kwamba treni ya abiria husimama njiani kupisha mabehewa ya shaba, na kwamba kila ikisimama, mtoto aliyemo hukua mwaka mmoja. Watu wazima haiwapati. Wao huchoka tu.

Isaka, mume wa Nesta, aliondoka Sekela akiwa tumboni. Kila mkataba ulipokwisha aliandikishwa mwingine. Sasa alikuwa ametuma nyumbani chiti aliyopewa ya kukaa na familia yake mwezi mmoja: mke, na mtoto mmoja asiyezidi miaka kumi. Nesta alitaka jambo moja tu, Isaka amwone mtoto angali mtoto, na jambo hilo lilimnyima utulivu. Siku tatu za vumbi juu ya roli, kutoka mpakani hadi stesheni, hakuiachia chiti ile. Alikula kwa mkono mmoja, akasinzia kwa jicho moja. Sekela aliuliza "Tumefika?" kila walipovuka daraja.

Treni ya barua ilikuwa na behewa moja tu la Waafrika, nyuma kabisa. Nesta alikwisha kupandisha mguu alipomwona Mzee Anania dirishani, anamenya karanga. Huyo alikuwa baba yake Isaka. Naye alikuwa anakwenda kumwona mwanawe, na hakuwa amemwambia mtu. Kwao mke hakutani na baba mkwe: hamtazami, halitaji jina lake, haketi alipoketi. Akimwona njiani hujitosa majanini mpaka apite. Mzee naye alimwona, akageukia ukuta kwa heshima, akaacha kumenya karanga.

"Jifunike khanga uingie, dada," alisema Tumpe, mwanamke wa Ileje aliyekuwa naye tangu rolini. "Huku ni Rodesia."

"Mkwe ni mkwe, hata Ulaya."

"Basi nipe mtoto nitangulie naye."

Lakini chiti ilikuwa moja, na mtoto alisomeka chini ya jina la mama. Nesta akashusha mguu. Treni ya barua ikaondoka na Tumpe na mzee na karanga zake.

Ya barua nyingine ingekuja chiti imeshapita tarehe. Wakapanda ile ya abiria iliyokuja kesho yake, na kabla ya saa nne asubuhi ilikuwa imesimama. Katika kusubiri kwa kwanza Sekela aling'oka meno mawili ya mbele, yakaota mengine kabla shaba haijapita. Nesta akafumua pindo la kwanza kwa meno. Mara ya pili, mara ya tatu, akafumua. Mara ya nne Sekela alipofika miaka kumi, Nesta aliruka chini akamfuata stesheni masta.

"Baba, leo tupishwe na sisi. Akizidi hapa hawatampokea."

"Shaba inawahi meli, mama."

"Na mwanangu?"

Masta alitazama saa yake. "Mwanao hana meli."

Hakusema kwa ubaya. Nesta alirudi ndani akayatukana mabehewa yale kwa Kinamwanga, moja baada ya jingine, na hakuna abiria aliyemkataza. Mara ya saba Sekela aliacha kuuliza kama wamefika. Mara ya nane alihamia benchi la dirishani, akakaa peke yake kama mtu mwenye mambo yake. Mara ya kumi hapakubaki pindo, na vifundo vya miguu vilikuwa nje.

Isaka aliwangoja stesheni ameshika viatu vidogo vya tairi alivyomshonea mtoto. Alitazama nyuma ya mkewe.

"Sekela yuko wapi?"

"Ndiye huyu."

"Mlisubiri mara ngapi?"

"Kumi."

Isaka aliitikia kwa kichwa, akavitia viatu mfukoni.

Askari wa mgodi aliisoma chiti mara mbili. "Mayo, mama, wewe pita. Huyu ni mtu mzima, awe na chiti yake."

"Ni mwanangu," alisema Isaka.

"Sijabisha. Hata baba yako jana tulimrudisha. Chiti haimtaji."

Hapo Nesta alishikwa na hasira, na hasira ile ilimtisha, kwa kuwa haikuwa juu ya askari peke yake. Alimkasirikia mkwe wake, akazikasirikia adabu alizofundwa na mama yake, akajikasirikia mwenyewe kwa mguu ule alioushusha. Binti wa miaka kumi na sita hasafiri peke yake. Ilibidi warudi wote wawili, na treni ilibakiza nusu saa.

"Nilipanga kumbeba mabegani," Isaka alimwambia mkewe. "Toka hapa mpaka nyumbani."

Sekela aliwatazama watu waliojaa stesheni. "Nibebe basi, baba."

Isaka akachuchumaa. Miaka saba chini ya ardhi ilikuwa imemwachia kifua kinachopiga mluzi, lakini aliinuka naye. Wakaenda mpaka kwenye tangi la maji wakarudi, miguu ya binti ikimgonga kiunoni, na wapagazi wakawapisha. Hakuna aliyecheka. Nesta alitembea nyuma yao na mzigo kichwani, analia waziwazi.

Treni ya kurudi ilifungwa nyuma ya mabehewa ya shaba, kwa hiyo haikusimama popote. Alasiri waliipita treni ya abiria imesimama pembeni, watoto wamejaa madirishani, na ndani wanawake wameinama wanafumua mapindo.