Weupe wa Taya la Mzee

Daktari Tabasamu aliitwa hivyo kwa sababu meno yake yalimtangulia kuingia chumbani. Mwanamke aliyesimama kando ya kiti cha wagonjwa alimfahamu tangu chuoni, walikosomea meno pamoja, na hakuwahi kumwona akisoma kitu mpaka mwisho, isipokuwa labda jina lake mwenyewe mlangoni.

Aliyelala kitini alikuwa baba yake huyo mwanamke. Mzee alikataa katakata kutibiwa na bintiye, akidai mtoto ambaye yeye ndiye aliyemnawisha uso hawezi leo kumtia mkono kinywani. Akaja kwa Tabasamu, kwenye zulia na viyoyozi, na taya lake lililosinyaa likajazwa chengachenga za mfupa bandia. Leo, kama eksirei ingeonyesha zimeshikana na taya, angetiwa skurubu za kubebea meno mapya. Kama hazijashikana, skurubu zingeng'oka na kuondoka na kile kidogo alichobakiwa nacho.

Binti alikuwa amemwomba Mungu njia nzima amzuie ulimi. Sala hiyo iliishia mlangoni.

"Tazama, dada yangu," Tabasamu alisema, akigonga kioo cha kompyuta kwa kalamu. "Nyeupe pee! Mfupa huo, acha mchezo."

"Hata chaki ni nyeupe."

"Kisirani chako cha chuoni hakijakutoka tu?"

"Kama wewe aibu ilivyokataa kukuingia. Picha ya siku uliyomjaza iko wapi?"

"Ya nini tena?"

"Iweke."

Alisonya, akaiweka kando ya ile mpya. Weupe ulikuwa ule ule. Chengachenga zilionekana moja moja, kama zilivyomiminwa, na kati yao na taya la mzee ulipita mstari mweusi, mwembamba, toka mwanzo hadi mwisho. Hakuna kilichoota. Mwanamume mzima, na koti lake lililopigwa pasi, alikuwa anajipongeza kwa kitu alichokinunua dukani kikiwa cheupe tayari.

"Baba, unaona? Hizi zilikuwa nyeupe tangu ndani ya kichupa. Weupe wake si kupona. Tunachosubiri ni huu mstari mweusi ufutike, na haujafutika."

"Vivuli tu hivyo," Tabasamu alisema.

"Kivuli gani hicho kinachokaa pale pale picha zote mbili?"

Mzee aliinua kichwa. Maneno yake yalipwaya kwa kukosa meno. "Daktari, hii ya kwanza uliiangalia leo kabla hujaniita?"

"Mzee wangu, kwa uzoefu wangu, moja inatosha."

Mzee akavua kitambaa shingoni. "Nishushe."

"Lakini vifaa vimeshachemshwa!"

"Basi pakua ule."

Binti aliangua kicheko, na mzee akamgeukia. "Na wewe, funga mdomo. Nani sasa atakuwa ananitazama hili taya?"

"Mimi, Baba."

"Utanawa mikono mbele yangu, nikikuona."

Walipokuwa wanavaa viatu, Tabasamu alikuwa ameinamia kompyuta, akiongeza mwanga wa kioo. Taya likazidi kuwa jeupe, na jeupe zaidi, mpaka mstari ukamezwa wote.

"Si huo mstari umefutika sasa!" aliwapigia kelele migongoni. "Njooni muone!"