Nguruwe wa Bi Mileva na Mchezo wa Desanka

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, Desanka alikuwa jikoni kwa mama yake akimenya viazi na kusubiri redio ya mji irushe mchezo wa kompyuta alioutunga. Alikuwa karani wa kiwanda cha pampu, miaka thelathini na minne, na kitanda chake kilikuwa kando ya jiko. Mchezo ule wa mchimba madini na mashimo thelathini ya kuvuka ulikuwa umemla majira mawili ya baridi. Kiwanda kilikuwa na nyumba moja tupu, ghorofa ya nne, na baraza la wafanyakazi liliahidi kuitoa kwa atakayekiletea kiwanda sifa.

"Tayarisheni kaseti," alisema mtangazaji. Redio ikapiga yowe kwa dakika nne, maana siku hizo michezo ya kompyuta ilihifadhiwa kwenye kaseti kama sauti, na mji mzima ukarekodi. Kaseti zilipowekwa kwenye kompyuta, kioo kiliandika: Umetungwa na Ljubiša. Huyu alikuwa mpwa wa mkurugenzi wa kiwanda. Kazi yake ilikuwa kuifikisha kaseti redioni, basi njiani akapitia kwa mjomba, na huko jina likabadilishwa.

Jumatatu nguruwe wa Bi Mileva, mama yake Desanka, alipiga yowe lile lile bandani, dakika nne, kisha akaendelea kula. Banda lilikuwa chini ya dirisha la jikoni; kaseti ya Desanka aliisikia majira yote mawili. Jirani yao Radojko, mchomeleaji kiwandani, alimrekodi. Mchezo ulifunguka bila kukwama, na kioo kiliandika: Umetungwa na Desanka. Watu wakapanga foleni na redio kaseti zao. Bi Mileva aliwaomba tu wafunge lango.

Siku ya baraza nguruwe alipelekwa kwa toroli. Alipiga yowe, katibu akarekodi, jina likatokea.

"Ndugu Mkurugenzi, hapa pameandikwa Desanka," alisema katibu.

"Tumeona, ndugu. Huyu shahidi ni wa idara gani?"

Walipekua orodha ya wafanyakazi. Nguruwe hakuwemo. Mikono yote ikainuka kumpa Ljubiša nyumba, na wa Radojko ukiwemo.

"Usinichukie, dada," Radojko alimwambia Desanka mlangoni. "Na mimi nangoja nyumba."

Desanka alishika toroli, akamrudisha nguruwe nyumbani.

Novemba, Sikukuu ya Jamhuri, kila nyumba ilichinja nguruwe wake, na Bi Mileva naye alichinja. Radojko alishika miguu. Yowe lilikatikia dakika ya pili, kwa hiyo kaseti za siku hiyo zina mashimo kumi na tano tu.

Alasiri Ljubiša akabisha hodi.

"Dada, nimekwama shimo la kumi na sita, na wageni wanataka kumwona mtunzi akicheza."

Desanka alifuta mafuta mikononi. "Mwache popo wa pili apite, ndipo uruke."

"Nilijua tu utanisaidia!"

Bi Mileva alimfungia soseji kwenye gazeti, maana mgeni wa siku ya kuchinja haondoki mikono mitupu.

Desanka akajilaza kando ya jiko. Soseji zilizoning'inia juu yake zilianza kulia taratibu yowe lile lile, na yeye alilitambua jina lake tangu sauti ya kwanza.

"Nyamazeni," akaziambia. "Mama anapumzika."