Kitufe Ukingoni mwa Tope

...na Kitufe wangu bado amesimama palepale, ncha za viatu zimegusa ukingo wa tope lakini hazivuki, mikono nyuma kama mkaguzi, na wale pacha wanachimba na vijiko vyao vya plastiki, wanacheka, hawamfukuzi wala hawamwiti, na mimi kwenye benchi nimeukumbatia mkoba kama msafiri... Mama Kitufe, mwalimu aliniambia jana kwa upole, muhula unaisha na mtoto hajapata rafiki hata mmoja, hapigani, halii, anatazama tu, nami nikajibu ndiyo mwalimu, asante mwalimu, kana kwamba ameniambia kesho kuna mvua... mama wa pacha anasema kitu, yuko upande wa pili wa benchi, "...hawa wangu hata uwachemshe hawatakati, sasa wako mbona amesimama kama mlinzi wa benki?" nacheka kwa mdomo tu, nasema ana aibu, amenirithi, na ni kweli, kule hotelini, chumba cha kufulia, wenzangu hula pamoja kwenye ngazi, mimi nakula nimesimama kando ya pasi, mwaka wa sita huu, hakuna aliyenifukuza, ni hii sare nyeupe tu, ngazi zina vumbi... labda liko kwenye damu, na damu hutolewa kwa maji baridi, usithubutu ya moto, chai kwa siki, tope liache likauke kwanza ndipo ulipige brashi, haya nayajua, nionyeshe doa nikwambie limelala siku ngapi, na hilo gauni la njano nimelipiga pasi asubuhi mpaka kwenye mishono, nikamfunga vifungo, nikamwambia, nilimwambia nini, kile ninachomwambia kila siku, usichafuke mwanangu, mama amechoka kufua, naye, ndiyo mama... anageuka. Ananitazama. Anatazama tope, ananitazama tena, na hii si mara ya kwanza, tangu tufike shingo yake inakwenda na kurudi, nami nikidhani anawaogopa wenzake, kumbe... Mungu wangu, mwalimu, huyu hana aibu, huyu ana utii, miaka minne ya utii, na ni mimi... nimwite? nimwambie ingia? ataingia, ndiyo, kama anavyomeza dawa, macho yamefumbwa, kwa sababu mama amesema... "Wewe, umenisikia kweli?" mama wa pacha ananigusa bega.

"Samahani, dada. Nishikie mkoba, nivue viatu."

"Kwani unaenda wapi?"

"Hapo kwenye tope."

"Na sketi hiyo?"

"Na sketi hii. Sijui kuchimba, wako watanifundisha."

"Ee! Ngoja basi na mimi nivue," anasema, na Kitufe bado yuko ukingoni, bado ananitazama, nami nimeinama, navuta kamba za viatu, fundo hili nililikaza mno...