Rimoti ya Pili

Kwa heshima na taadhima, nautangazia umma kwamba likizo hii niliteuliwa kuwa Msimamizi Mkuu wa Mwanga katika gari-nyumba la familia. Kazi yenyewe ilikuwa kushika mkasi na kunyamaza.

Mjomba, fundi umeme, alinunua basi dogo chakavu, akang'oa viti, akaweka kitanda, jiko na kabati. Alitaka kumpeleka mama yake, yaani Bibi yangu, akamwone dada yake anayeishi mbali na asiyeweza tena kusafiri. Bibi haoni vizuri gizani. Alitoa sharti moja: "Nikiamka, nione ninapokanyaga."

Basi Mjomba akabandika taa za utepe chini ya ukingo wa kitanda na kwenye ngazi ya mlango. Mwanga wa njano, wa upole.

"Taa ya dari inaamsha watu wote," alinieleza. "Hii inaamsha miguu tu."

Taa zilikuja kwa maboksi mawili, kila moja na rimoti yake, na rimoti yoyote iliwasha, ikazima na kubadili rangi za taa zote. Nilimwambia Mjomba kwamba boksi la pili lilikuja bila rimoti. Kumbe ilikuwa kwenye mfuko wa nyuma wa suruali yangu, na haikuhitaji hata kuelekezwa kwenye taa.

Siku ya majaribio tulifunga mapazia, Mjomba akawasha taa. Bibi akajilaza kitandani kama malkia. "Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, "hoteli yako haina chai?"

Akashusha mguu. Nikabonyeza. Giza.

"Mwanangu, taa zako zina haya," akamtania Mjomba.

Mjomba akakagua nyaya, na mimi nikawasha taa akiwa bado ameinama. Bibi akaelekea mlangoni. Shetani akanigusa bega, nikabonyeza tena. Safari hii Bibi aliikosa ngazi, akaangukia goti.

Tulimwinua, tukamketisha kwenye benchi. Hakulia. Alilisugua goti, akasema taratibu, "Nendeni nyinyi. Dada yangu mtanisalimia."

Mjomba akafungua mapazia, akaanza kubandua utepe alioubandika kwa uvumilivu wote ule. "Nimewasha majumba ya watu," alisema, akiutazama ukuta. "Mama yangu mzazi ndiye niliyeshindwa kumwashia."

Shuleni nimewahi kutia chumvi kwenye chai ya kiranja, nikalala usingizi wa pono. Lakini pale masikio yalinichoma. Hata hivyo, mwizi hakosi mpango: nitairudisha rimoti ndani ya boksi kimyakimya, kisha niigundue kwa mshangao mkubwa. Kwanza nimfariji mgonjwa. Nikaketi kando ya Bibi.

Taa zikawaka nyekundu. Kisha bluu. Utepe ulioning'inia mkononi mwa Mjomba ukaanza kupepesa kama uko harusini.

Bibi akanigeukia. "Mume wangu, hebu inuka."

Nikainuka.

"Keti tena."

Nikaketi. Taa zikawa kijani.

"Ajabu," akasema. "Nimezaa fundi, kumbe mwenye umeme makalioni ni mjukuu."

Mjomba hakucheka. Alinyoosha kiganja tu, nami nikaiweka rimoti juu yake. Nilikuwa na hotuba nzima tayari, yenye utangulizi na shukrani kwa wazazi. Haikutoka.

"Taa zako ni nzima, Mjomba. Nilikuwa nazizima mimi," nilisema. "Bibi, hilo goti nimekuumiza mimi."