Sikio la Upande wa Pili

Mkono wa Mbinya ulipanda juu ya kichwa chake, ukateremka upande wa pili, ukaishia hapo. Kidole cha kati kilining'inia upana wa punje moja ya mahindi kutoka kwenye sikio. Mwalimu Nzioka alikuwa amemwekea rula chini ya kidevu ili asiinamishe kichwa, maana watoto ni wajanja na mama zao ni wajanja zaidi. Alimtazama, akaitazama foleni iliyokuwa nyuma yake, kisha akasema neno nililokuwa nimelingojea kwa miaka ishirini na miwili.

"Bado. Rudi nasari."

Ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya muhula, Januari ya themanini na tano. Huko kwetu, chini ya vilima vya Kikima, hivyo ndivyo mtoto alivyoingia darasa la kwanza: mkono wa kulia upite juu ya kichwa, ushike sikio la kushoto. Ukifika, wewe ni wa miaka saba, karibu. Usipofika, wewe ni mtoto mchanga, nenda ukaimbe na wenzako. Hakuna aliyeulizwa anajua nini. Mbinya mwanangu alikuwa akihesabu hadi mia na kurudi nyuma, na njiani kwenda mtoni alinisomea maandishi ya magunia ya msaada. Mwalimu hakutaka kuyasikia hayo. Siku hiyo watoto kumi na mmoja walirudishwa, na wote walikuwa wamezaliwa kabla au karibu na njaa ile ya mwaka wa themanini. Nilikuwa wa kwanza kuliona hilo, kwa sababu mimi huhesabu. Sisahau na sisamehe upesi. Watu husema ni tabia mbaya. Mimi naona ndiyo iliyonilisha.

Mwalimu alitupa nafasi moja. Ijumaa angewapima mara ya mwisho mbele ya wazazi, kisha rejista ifungwe.

Niseme kwa nini nilikuwa nikingojea. Mwaka wa sitini na tatu mimi nami nilisimama kwenye foleni kama ile, nimepakwa mafuta, nimefungwa leso ya mama kiunoni. Mwalimu huyo huyo wakati huo alikuwa kijana mwembamba, soksi nyeupe hadi magotini, moja imeteremka. Mkono wangu haukufika. "Bado," akaniambia. "Rudi mwaka ujao." Baba alipoambiwa hakukasirika wala hakuhuzunika, alisema mkono umesema, akanipa mbuzi nichunge. Mwaka ujao ulipofika, mbuzi walikuwa wamenizoea.

Kusoma nilijifunza kanisani. Nyimbo nilikuwa nazijua kwa moyo, kwa hiyo nilifungua kitabu cha jirani yangu na kufuata kwa kidole. Watu wakiimba neno, nami nikilitazama lilivyo. Ilinichukua miaka mitatu na nyimbo mia moja na kumi. Baada ya hapo niliandika barua za wanawake kwa waume zao wa Mombasa, nikasimama kwenye mabaraza ya chifu na kuuliza maswali, hadi wakaanza kuniita Kavata wa Maswali. Mwanamke asiye na cheti chochote, lakini chifu akiniona nimekaa mstari wa mbele alikuwa akikohoa.

Ndiyo maana lililofuata linanitia aibu hadi leo, na ninalisema kwa sauti.

Wanawake wa kwetu walikuwa na dawa ya mkono mfupi. Jioni, kabla jua halijazama, mtoto huketishwa mbele ya nyumba, mkono hukandwa kwa mafuta ya mbarika yaliyopashwa moto, kisha huvutwa. Pole pole, kila siku, kama ngozi inavyonyooshwa. Bibi zetu hawakuwa na desturi hiyo, maana hawakuwa na shule. Ni sisi tulioibuni, kwa ajili ya lile sikio. Kila nyumba ilifanya na hakuna nyumba iliyosema.

Jumanne jioni nilimketisha Mbinya. Nilikuwa na siku tatu tu na hasira ya miaka ishirini na miwili, na hasira haijui kuvuta pole pole. Nilishika kifundo cha mkono, nikavuta. Alilia mara moja, kilio kifupi, kisha akanyamaza. Mkono ukabaki ukining'inia ubavuni, umekunjika kidogo, kiganja kimetazama nyuma. Nilimwambia auinue. Akanitazama.

"Mwaitu, umekataa," aliniambia. Kwetu ndivyo mtoto anavyomwita mama yake.

Asubuhi nilimbeba mgongoni kwenda Kikima, na majirani waliouliza njiani niliwaambia ameanguka kutoka kwa punda. Punda hatuna. Kote nilikopita mahindi yalikuwa yamesimama, yamebeba, mvua ilikuwa imerudi mwishoni mwa mwaka na kutujazia kila kitu isipokuwa watoto.

Zahanati ilikuwa na nesi mmoja, Sista Wariara, mama mnene kutoka upande wa Nyeri, aliyezungumza Kikamba kama mtu anayetafuna mua. Naye nilimwambia habari ya punda. Alimweka Mbinya juu ya meza, hakumgusa kwanza. Alimpa kifuniko cha chupa achezee kwa mkono mzima. Kisha akashika kiwiko kwa kidole gumba, akakigeuza kiganja kikatazama juu, akaukunja mkono kuelekea bega. Kikasikika kitu kidogo, kama ganda la kunde linapopasuka. Akasogeza kifuniko upande wa pili wa meza, akangoja. Muda si muda Mbinya alikifuata kwa mkono ule ule.

"Punda huyo ana mikono miwili," Sista alisema bila kunitazama.

Akaniuliza mtoto ana miaka minne? Nikamwambia sita na nusu, nikatoa kadi ya kliniki, ambayo nilikuwa naiweka kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia pamoja na sindano zangu. Aliifungua juu ya meza na kunionyesha jambo ambalo nilikuwa nalo nyumbani miaka yote nisijue kulisoma, mimi niliyejisifu kusoma. Vile vitone ambavyo manesi waliweka kila mtoto alipopimwa, vikiunganishwa, vinafanya njia. Njia ya Mbinya ilipanda vizuri tangu kuzaliwa, ikapanda, halafu alipofika miaka miwili ikalala. Ililala miezi kumi na minne. Kisha ikainuka tena, lakini chini, kama mtu aliyeachwa na wenzake kwenye mteremko. Njaa ya pili, ya themanini na nne, haikuwamo. Kadi ilikuwa imekwisha nafasi.

"Njia ikilala hivi, na mifupa inalala," Sista aliniambia. "Mkono hauvutwi, mama. Mkono unalishwa."

Tukarudi Mbinya akitembea mwenyewe. Njiani nilikuwa nikipanga maneno. Kwa kawaida mimi nikipanga maneno hujisikia kama mtu aliyevaa viatu vipya. Siku hiyo yalinibana.

Alhamisi nilizunguka nyumba zote kumi zilizobaki kutafuta kadi. Nyingine ilikuwa chini ya godoro, nyingine ndani ya Biblia kwenye Zaburi, na ya nyumba ya Ndila, jirani yangu wa ng'ambo ya korongo, ilikuwa na kuku juu yake, ameatamia. Tulimwomba kuku msamaha. Jioni nilikuwa na kadi tisa na yangu ya kumi; ya kumi na moja ilikuwa imewasha moto. Nilizitandaza kitandani. Njia zote zililala mahali pamoja, kama ng'ombe waliopigwa na radi.

Ijumaa wazazi walijaa darasa la kwanza, watu wazima wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Mbele aliketi Mzee Muthama, mwenyekiti wa kamati na mzee wa kanisa, na kando yake Mwalimu Nzioka, mvi sasa, soksi za kijivu. Watoto kumi na mmoja walisimama ukutani. Nilisimama kabla rula haijatoka mfukoni. Nilisema watoto hawa ni wa miaka sita na saba, siku zao za kuzaliwa ziko hapa, zimeandikwa na serikali ile ile iliyojenga shule. Nikaziweka kadi mezani. Mwalimu hakuzigusa. Alisema kadi za kliniki huazimwa, na kwamba mkono haudanganyi.

"Na wewe, Kavata, ulisoma wapi hata ukaja kunifundisha?"

Watu walicheka kidogo.

"Sikusoma, Mwalimu. Ulinirudisha wewe mwenyewe, kwenye mlango huo. Soksi yako ya kushoto ilikuwa imeteremka."

Walicheka tena, sasa upande wangu. Lakini yeye alikuwa mzee wa kazi, akangoja wanyamaze. Akasema, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko kelele, kwamba mtoto ninayempigania ni huyo huyo asiyeweza hata kukaa juu ya punda. Mtoto dhaifu asiharakishwe. Wengi waliitikia kwa kichwa. Nikaona Mzee Muthama akivuta rejista karibu, na nikajua kadi zitarudi kwenye mikebe na Mbinya atarudi kwenye mbuzi.

Uongo wangu ndio uliokuwa umemshika. Nilimtazama ukutani, alikuwa amejikunyata, mkono mmoja umeushika mwingine.

"Hakuanguka," nilisema. "Hatuna punda. Nilimvuta mkono mimi, ufike sikioni. Nikautegua."

Mimi mtu wa mabaraza, nilibaki nimesimama, mikono imening'inia. Hata mume wangu pale nyuma alikuwa hajui.

Ndila alisimama. Dawati lilimng'ang'ania, akalisukuma. "Na mimi navuta wangu," alisema. "Tangu Krismasi." Mwingine akasema bila kusimama kwamba anavuta. Mwingine. Mwanamke mmoja wa kwaya alianza kulia kwa hasira, akisema wa kwake halali kwa maumivu ya bega. Mzee Muthama alikuwa ameshika ndevu. Mwishowe akatamka, akitazama meza, kwamba hata nyumbani kwake kuna harufu ya mbarika, na alikuwa akidhani ni kwa ajili ya kifua.

Kisha akamgeukia mwenzake. "Mwalimu. Ulijua?"

Mwalimu Nzioka aliketi. Alitoa miwani, akaifuta kwa tai muda mrefu kuliko ilivyochafuka. Hakusema amekosa, sikumsikia akilisema hilo hadi alipostaafu. Alivuta kadi ya kwanza, akaifungua, akasoma jina na tarehe ya kuzaliwa kwa sauti ya kuita rejista. Mtoto akaitika "Niko" kutoka ukutani. Akasoma ya pili. Alipofika kwa Mbinya kidole chake kikafuata vile vitone.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Palikuwa na njaa, Mwalimu."

Alijua. Wote tulijua, tuliila pamoja. Akaandika jina. Na yule wa kumi na moja, ambaye kadi yake iliwasha moto, alimwandika bila kuuliza.

Msidhani niliridhika. Jumatatu iliyofuata nilikuwa kwenye uwanja wa nasari na sufuria, na kabla ya mwezi kwisha kila nyumba ilikuwa ikileta kikombe cha unga wa mtama na konzi ya kunde kwa zamu. Uji saa nne, kila siku, kwa wadogo kwanza. Chifu alikuja kuuliza nani ametoa ruhusa. Nikampa kikombe.

Rula haikutoka tena mfukoni, ingawa nimesikia kwingine ilitoka kwa miaka mingi.

Mbinya hakuwahi kuwa mrefu. Alikaa dawati la mbele miaka minane, na sasa, mwaka huu wa tisini na tisa, ndiye anayefundisha nasari ile, na kila muhula huwapima watoto wake wote kwa mizani ya Sista na kuniletea vitone nivitazame. Juzi tulikuwa jikoni, yeye akichambua maharagwe ya isyo, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe ambao bila huo hatulali. Sijui nini kilinijia. Sikuwa nimejaribu tangu sitini na tatu. Niliinua mkono wa kulia, nikaupitisha juu ya kichwa, juu ya leso.

Lilikuwa pale, la moto kidogo kwa sababu ya jiko.

"Mwaitu, unaumwa kichwa?"

"La. Najipima."

Aliniangalia kidogo, kisha akatupa jiwe dogo mlangoni.

"Umepita," alisema, akaendelea na maharagwe.