Jina Aliloliita Kwenye Kioo

Mtu akikushauri uzungumze na nafsi yako kwenye kioo, usikimbilie kioo. Muulize kwanza: jina utakaloliita ni la nani, na kabla yako lilikuwa la nani. Wankyo hakuuliza. Alikuwa nesi, msomi wa watu, na msomi ukimpa jina analiandika kwenye fomu, anaona yameisha.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na kwa miezi saba alikuwa hajakanyaga leba. Huko upande wa Bunda, kwenye zahanati aliyoanzia kazi, mtoto alitoa kichwa, mabega yakakwama, na mikono ya Wankyo ikaganda. Si kwamba hakujua la kufanya. Alifundishwa, akafaulu tena vizuri. Iliganda tu, ikakaa pale mbele yake kama mikono ya kuazima. Mwenzake alikuja mbio akamtoa mtoto, na mtoto hakulia. Hakuna aliyemlaumu, ila yeye alijilaumu mpaka nguo zikampwaya. Akaomba uhamisho, akaletwa kituo kimoja cha afya Musoma mjini, akawekwa kliniki ya watoto, kazi yake kupima uzito. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: hata mlango wa leba alikuwa anaupita amegeuza uso.

Sasa msimamizi wa leba pale alikuwa Sista Jenoveva, mama wa makamo ambaye hata akikuomba chumvi unadhani anakukamata. Siku hiyo alimfuata Wankyo kwenye mizani.

"Wiki tatu," alisema. "Nina manesi wawili tu na wazazi hawaishi kuja. Wiki tatu zikiisha unaingia zamu. Ukiona huwezi, andika barua uache kazi, tusidanganyane. Mama wa watu hawezi kuja kuzalia kwa mtu mwoga."

"Na nikiganda tena, Sista?"

Jenoveva akapunguza sauti, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake. "Kila asubuhi simama mbele ya kioo. Jiite jina lako, kama unavyoita rafiki. Wankyo, unaweza. Wankyo, mikono yako ni imara. Usisemee moyoni, toa sauti. Mimi nilifanyaga hivyo nilipofiwa na mume, ndiyo maana unaniona nimesimama."

Wankyo alikuwa amepanga chumba kimoja mtaa wa Kamunyonge, kwa mama mmoja anaitwa Rhobi. Kioo chake kilikuwa kile kidogo cha fremu ya kijani, kimening'inia kwenye msumari kando ya dirisha. Saa kumi na mbili asubuhi akasimama. "Wankyo, unaweza," akasema, akajisikia mjinga. Kesho yake akasema tena. Siku ya tano aibu ikaisha, maneno yakaanza kumpasha moto kifuani kama uji.

Siku ya tisa akajibiwa.

"Mm."

Halikuwa neno. Ulikuwa ule mguno wa bibi anayechambua mboga huku unamsimulia, wa kukuambia endelea, nakusikia. Ulitokea nyuma ya bega lake la kushoto. Wankyo akageuka: kitanda, ndoo, viatu vya kazi. Nje wadudu wa ziwani walikuwa wamepanda kama moshi, ndege wakawa kimya. Akajiambia ni bomba la maji. Msomi hakosi maelezo.

Tangu siku hiyo mikono ikaanza vituko. Alijikuta anasonga ugali kwa mkono wa kushoto, na yeye tangu azaliwe ni wa kulia. Akinawa, wa kushoto ndio unatangulia kwenye maji. Asubuhi moja alikuta juu ya meza kipande cha uzi mweupe kimefungwa mafundo mawili yaliyokazwa vizuri, na kati ya mafundo nafasi ya kupitisha wembe. Ndivyo wakunga wa zamani walivyofunga kitovu. Uzi ule ulikuwa umetoka kwenye pindo la kanga yake.

"Sista," mama Rhobi akamwambia akiwa anafagia uwanja, "huyo mgeni wako mbona hatoki nje tukasalimiana?"

"Mgeni gani, mama?"

"Si huyo mnayeongeaga naye asubuhi. Bibi yako? Sauti yake ya mtu mzima kabisa." Akaendelea kufagia. "Mwambie asiogope. Mimi simli mtu."

Wankyo aliogopa, na tusimcheke. Jumapili alipotoka kanisani akaenda zake Butiama, kwa shangazi yake Ghati, aliyemlea. Alimkuta barazani anapepeta ulezi. Akamwamkia, akapewa uji, akapokea kikombe. Ungo wa shangazi ukasimama hewani.

"Mkono huo umeanza lini?"

Wankyo akautazama mkono ulioshika kikombe. Ulikuwa wa kushoto. Hapo akamwaga yote: leba ya Bunda, kioo, mguno, uzi. Shangazi alisikiliza huku akichomoa punje za mchanga kwenye ulezi.

"Ulipozaliwa ulilia siku nne," akasema mwishowe. "Tukakuitia majina ya wafu wote wa ukoo, wa kwa baba na wa kwa mama. Ulinyamaza kwa la mama yangu."

"Hiyo naijua, shangazi. Mlinisimuliaga."

"Unajua nusu. Bibi yako Wankyo alizalisha vijiji vitatu, na mkono wake ulikuwa huo huo wa kushoto. Halafu mtoto mmoja akatoka kimya, akafia mikononi mwake. Hakuna aliyemlaumu. Akanawa kwa majivu, akasema hagusi mzazi tena. Miaka kumi na mmoja wanawake wanakuja hapo mlangoni wanalia, anawafukuza, halafu anaingia ndani analia yeye. Mpaka anakata roho alikuwa anauliza kitu kimoja tu: jamani, ningeweza?" Akaweka ungo chini. "Sasa wewe kila kukicha unasimama unaita, Wankyo, unaweza. Ulidhani anayeitika ni nani?"

Uji ulipoa kikombeni.

"Basi nitaacha kumwita."

"Ukimwita mtu mzima kazini unamwacha aimalize. Ukimrudisha njiani unamtukana. Lakini wewe ndiye uliyesoma."

Aliacha. Siku tatu hakukaribia kile kioo, na mguno hakuusikia. Siku ya nne akiwa kliniki akashindwa kufunga mkanda wa mizani, vidole vinacheza, mama mwenye mtoto akamchukua mtoto wake akamfunga mkanda mwenyewe. Wankyo aliona haya mpaka machozi yakamlengalenga. Zamu ya leba ilikuwa imebakiza siku tano. Akishindwa, ni barua, na kurudi Butiama kulima mihogo akiwa mwanamke aliyeua mtoto wa mtu akakimbia. Hofu zikawa mbili, akachagua ile inayoitikia. Kesho yake asubuhi akasimama mbele ya kioo.

"Wankyo, unaweza."

"Mm," sauti ikajibu, karibu zaidi, kama vile ilikuwa imekaa pale inangoja.

Siku ya zamu ikafika. Mpaka mchana mambo yalikuwa shwari, Jenoveva yuko pembeni, Wankyo anashika hiki na kile. Saa nane mama mmoja akaanza kutoka damu nyingi, ikabidi apelekwe hospitali kubwa, na Jenoveva akapanda naye kwenye gari. "Narudi sasa hivi," alisema, na kila anayejua kazi ile anajua maana ya sasa hivi. Gari halijafika barabarani, akaingia Nyangi, binti wa Bweri, mimba ya kwanza, kashikwa mkono na mama mkwe wake. Uchungu ulikuwa umeshafika mwisho. Manesi wale wawili hawakuwa zamu, hapakuwa na wa kumpa.

Kichwa kilitoka. Halafu kikarudi nyuma kidogo, kama kobe anavyovuta kichwa. Wankyo aliijua dalili ile. Miezi saba alikuwa akiiota. Mabega yamekwama.

Mikono ikaganda.

Nyangi alikuwa anamtazama usoni kutafuta habari. Wankyo alijua uso wake unasema nini, na saa ya ukutani inagonga. Akafungua kinywa akasema kwa sauti, mbele ya mgonjwa, bila aibu yoyote: "Wankyo, unaweza."

"Mm." Safari hii pumzi yake aliisikia shingoni, yenye harufu ya majivu.

Mkono wa kushoto ukainuka. Hakuuinua yeye. Na kinywa chake kikasema kwa lugha ya kwao, kwa sauti nzito ya mtu aliyezoea kutiiwa, "Geuka, mwanangu. Piga magoti, weka mikono chini." Nyangi akageuka mara moja, kama mtoto aliyeamrishwa na bibi yake. Shuleni Wankyo alifundishwa mlalo huo, mstari mmoja tu kwenye daftari. Mkono wa kushoto haukuwa na habari ya daftari. Uliingia taratibu, ukapita nyuma ya mtoto, ukatafuta, ukapata, ukavuta kwa upole. Bega likaachia. Mtoto akateleza nje mwili wote, msichana, wa bluu, amelegea.

Hakulia.

Hapo ndipo nataka unisikilize. Mkono wa kushoto ukaganda. Ulibaki umemshikilia mtoto, unatetemeka kwa kutetemeka kwa mtu wa miaka themanini, na nyuma ya shingo ya Wankyo pumzi ile ikaanza kukatika, kama kilio kinachozuiwa. Wankyo akaelewa. Bibi alikuwa anajua kila kitu mpaka hapa. Kutoka hapa kwenda mbele hakuwa na kitu, ila miaka kumi na mmoja ya majivu.

Lakini mkono wa kulia ulikuwa wa Wankyo. Ukakata kitovu, ukamlaza mtoto, ukamfuta, ukamsugua mgongo. Kimya. Ukashika mfuko wa kumpulizia hewa. Tatizo ni kwamba kazi ile haifanywi kwa mkono mmoja: mmoja unabana barakoa usoni, mwingine unaminya mfuko. Wa kushoto umening'inia tu.

"Bibi," Wankyo akasema, na sauti ilikuwa yake, "shika hapa. Unaweza. Mimi nipo."

Wa kushoto ukasita. Halafu ukaja, ukashika barakoa, ukatulia. Wa kulia ukaminya. Moja. Mbili. Wakafanya kazi pamoja, wawili wale, mmoja anajua hili na mwenzake anajua lile, mpaka kifua kidogo kikapanda chenyewe, na mtoto akapiga kelele iliyomfikisha mama mkwe mlangoni. Wankyo alikaa kwenye sakafu akalia. Alipojifuta machozi, alijifuta kwa mkono wa kulia.

Jenoveva aliporudi akatazama mama, akatazama mtoto, akatazama kitovu. "Vibanio vipo kwenye droo," akasema. "Nani kafunga kwa uzi?" Wankyo akautazama mkono wake wa kushoto.

Mtoto yule alilia siku tatu huko Bweri. Mama mkwe akaita majina ya wafu wao mpaka yakamwishia, na kwa kukata tamaa akataja la nesi. Mtoto akanyamaza, akalala. Basi akaitwa Wankyo, na kila mtu akaona ni shukrani.

Asubuhi Wankyo aliendelea kusimama mbele ya kioo, maana mazoea yana taabu. "Wankyo, unaweza," anasema. Sauti haikuitika tena. Alidhani bibi kapumzika, akafurahi kwa ajili yake, akaendelea kuita.

Wiki ya sita Nyangi alimleta mtoto kliniki. Mtoto amenona, macho makavu kama ya mtu anayekudai maelezo.

"Sista, huyu ana maajabu," Nyangi akasema huku anamvua kofia. "Saa kumi na mbili kamili asubuhi anaamkaga. Hata halii. Anatega tu sikio, kama kuna mtu kamwita kwa mbali. Halafu anaguna, mm, hivyo hivyo kama bibi kizee. Mama anasema tumzoee."

Wankyo akapiga hesabu moyoni. Kutoka Kamunyonge hadi Bweri ni safari ya bodaboda, na dirisha lake yeye lilikuwa linafungwa. Mtoto akanyoosha mkono, wa kushoto, akamshika kidole kwa nguvu, asikiachie mpaka mama yake alipombandua.

Kesho yake saa kumi na mbili alisimama tena mbele ya kioo, jina likiwa limeshafika mdomoni. Akalimeza. Mzee aliyemaliza kazi yake haitwi tena kazini, na mtoto mchanga anahitaji usingizi.

"Mimi naweza," akasema.

Akangoja. Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo, na viatu vya kazi. Aliona upweke ambao hakuwahi kuuona katika chumba kile, na siku hiyo leba walikuwa wanamngoja wazazi wawili.

Mama Rhobi alikuwa anafagia. "Mgeni kaondoka? Leo nimesikia mtu mmoja tu."

"Kaondoka, mama."

"Mbona hakuniaga?"

"Hata mimi hakuniaga."

Alipofika kazini alikwenda moja kwa moja kwenye sinki. Mikono ilikuwa inatetemeka kidogo, yote miwili, na yote miwili ilikuwa yake. Akafungua maji, akaanza kunawa na ule wa kulia.